Na Yule Mwenzako Alisemaje?

Swali lilikuja la tatu. La kwanza lilikuwa "jieleze kwa kifupi", la pili "kwa nini unaitaka nafasi hii", na yote mawili nilikuwa nimeyakariri mpaka mahali pa kuvuta pumzi. La tatu aliliuliza mama mmoja aliyekaa katikati ya jopo, mtu wa sauti ya chini: "Tueleze siku ambayo timu yako iliingia kwenye mgogoro. Wewe ulifanya nini?"

Moyoni nikasema, hapa nimetoboa. Hili nalo nilikuwa nalo.

Ilikuwa Julai, Morogoro mjini, ndiyo kwanza tumemaliza mitihani ya mwaka wa pili. Taasisi hiyo, ambayo sitaitaja, ilikuwa inatafuta wasimamizi wa madarasa ya jioni ya kusoma na kuandika kwa watoto wa shule za msingi. Kazi ya wiki nane za likizo ndefu. Unapewa walimu wa kujitolea tisa, wengi wao wanachuo kama wewe, unapanga ratiba, unagawa nauli, unapokea malalamiko. Posho ya kawaida tu, haifiki hata nusu ya boom. Lakini kwenye wasifu wangu neno "kujitolea" lilikuwa limejaa mpaka linakera, na neno "msimamizi" halikuwepo hata mara moja. Niliitaka ile nafasi.

Nikafungua jibu kwa methali: vikombe vikiwa kabatini havikosi kugongana. Mzee wa upande wa kulia akatabasamu, nikajua nimempata. (Baadaye, nikiwa nje kwenye benchi, nilikuja kugundua kwamba watatu kati ya wanne walionitangulia walikuwa wameingia na kabati hilohilo.) Nikaendelea. Nikasema tulikuwa na asaimenti ya watu sita, mmoja akawa hafanyi sehemu yake, mwingine akataka jina lake lifutwe. Mimi kama kiongozi nikawaita wote wawili, nikamsikiliza kila mmoja kwa nafasi yake, nikawakumbusha lengo letu la pamoja, tukafikia mwafaka, na mwisho wa siku tukapata A. Dakika mbili na nusu. Hali, jukumu, hatua, matokeo, kila kitu kwa mpangilio, kama video ya YouTube ilivyonielekeza.

Yule mama hakuandika chochote. Akauliza, "Huyo aliyekuwa hafanyi kazi, alikwambia sababu yake ni nini?"

"Alikuwa na changamoto."

"Changamoto gani?"

"Changamoto binafsi."

"Sawa. Na ulipomwita, yule mwenzako alisemaje? Nataka maneno yake."

Hapo ndipo nilipokwama. Mwenzangu yule hakuwahi kusema lolote kwa sababu hakuwahi kuwepo. Asaimenti ilikuwepo, sita tulikuwepo, lakini ugomvi niliuchukua kwenye video, nikaubadilisha majina na mazingira. Feni inazunguka juu, watu watatu wananitazama, na mimi natafuta kichwani maneno ya mtu wa kubuni. Nikasema, "Alisema... samahani."

Yule mzee akacheka, taratibu, kwa heshima. Ingekuwa nafuu angenigombeza. "Asante binti, tutakupigia." Hawakupiga.

Nyumbani ni Kidatu. Kutoka Morogoro unapanda basi, unapita katikati ya hifadhi, ukifika Mikumi mjini unaiacha barabara kuu ya Iringa na kukunja kushoto. Unashuka Kidodi, unapita Ruaha, unavuka mto, umefika. Siku ile nilikaa dirishani na ile sentensi kichwani: alisemaje? Tulipoanza kuona mashamba ya miwa nikashtuka. Mimi mgogoro wa kweli ninao. Ninao mzima, na maneno ya mwenzangu nayakumbuka mpaka alivyoyatamka. Ulitokea mwaka mmoja tu nyuma, kwenye miwa hiihii. Kwa nini sikuusema?

Sababu ya kwanza ni aibu, nitaieleza. Sababu ya pili ni malezi. Watu wengi tumelelewa kwamba mtu mzuri hana mgogoro na mtu. Ukiulizwa, unajibu "mimi naishi na watu vizuri tu". Na kwetu Kidatu neno hilo lina uzito wake. Huu ni mji wa umeme na sukari: bwawa la megawati 204 juu kule, na viwanda vya sukari pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu, Msolwa upande wa Kilombero na Ruembe upande wa Kilosa. Mwaka 1986 wafanyakazi wa kiwanda cha sukari waliandamana kudai malipo yao, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Mimi nimezaliwa miaka mingi baada ya hapo, lakini nimekulia kwa wazee ambao ukitaja mgomo wanashusha sauti. Mtoto wa hapo anajifunza mapema kwamba kutokukubaliana na mtu kazini ni kitu cha kufunika, siyo cha kwenda kuwasimulia watu wenye kalamu.

Basi nifunue.

Familia yetu ni wakulima wa nje, yaani wale wanaolima miwa kwenye mashamba yao na kuiuza kiwandani. Kikundi chetu kina mashamba kumi na manne yaliyopakana. Kila mtu ana ekari zake, mbili au tatu, lakini tunavuna kwa zamu kama shamba moja, kwa sababu trekta na wakata miwa hawaji kwa ajili ya ekari moja moja. Utaratibu uko hivi: shamba linachomwa kwanza ili majani makavu yaondoke, ndipo wakataji wanaingia na mapanga. Ikishachomwa, saa zinaanza kuhesabika. Kila siku ambayo miwa inakaa bila kufika kiwandani inapoteza uzito na sukari, na mkulima analipwa kwa uzito na kwa kiwango cha sukari kilichopimwa. Kwa hiyo zamu ya nani inafika lini si suala la heshima tu. Ni hela.

Likizo ya mwaka wa kwanza kikundi kilinifanya karani. "Si unasoma chuo, shika daftari." Kazi yangu ilikuwa kutunza orodha ya zamu, kuhesabu trela zinazotoka, kupiga simu. Wanachama wote walikuwa na umri wa wazazi wangu au zaidi. Wakata miwa wananiita "karani", na mimi nikajiona bosi.

Usiku mmoja wa Agosti, Jumapili, moto ukashika shamba namba tisa. Hakuna aliyejua ulivyoanza, msimu ule wa ukavu moto hauhitaji sababu kubwa. Karibu ekari moja na nusu ikaungua kabla haujazimwa. Mwenyekiti alikuwa msibani Ifakara, nikampigia, akasema, "Karani, wewe ndiye uko hapo, fanya unavyoona." Nilivyoona ilikuwa wazi: miwa iliyoungua haiwezi kusubiri. Asubuhi wakataji walikuwa waingie shamba namba tano. Nikawahamishia namba tisa.

Kuna jambo moja sijalitaja. Shamba namba tisa ni la baba yangu mdogo.

Na shamba namba tano lilikuwa la mama mmoja mjane. Mwezi Julai kijana wake alikuwa ameripoti kidato cha tano, na mahitaji yake, godoro, sare, madaftari, mama huyo aliyanunua kwa mkopo wa kikoba. Aliahidi kurudisha mwisho wa Agosti kwa pesa ya miwa. Malipo yetu yalikuwa yanatoka kwa awamu. Miwa yako ikichelewa kupita mizani, unasukumwa mpaka awamu inayofuata, na kikoba hakisubiri awamu. Kikoba kina faini.

Jumatatu asubuhi akaja shambani kwake, akakuta wakataji wanampita na mapanga yao wanaelekea kwa baba mdogo. Akanifuata mbele ya watu wote. "Mwanangu, leo si kwangu?" Mimi, daftari mkononi, nikamjibu, "Mama, moto umebadilisha orodha. Huo ndio utaratibu."

Hakubishana. Alinitazama, akageuka, akaondoka. Nikadhani yamekwisha.

Jioni ndipo ulipowaka moto wa pili, na huu ulikuwa kwenye grupu la WhatsApp. Sauti za dakika tano tano. Mtu anauliza kama mashamba ya ukoo wa karani yana orodha yake. Mwingine anajibu kwamba miwa iliyoungua kutangulia ni sheria tangu enzi, acheni majungu. Mpaka usiku wa manane kikundi kilikuwa vipande viwili, na watu wanne walisema msimu ujao wanajitoa. Wanne wakijitoa katikati ya kumi na wanne, hakuna tena shamba moja. Trekta halipiti.

Mimi nilifanya nini? Nilizima data. Siku tatu. Nikawa napeleka daftari alfajiri kabla watu hawajafika, na nikimwona mama yule kwa mbali nakunja njia. Kwenye kozi ya uongozi wa elimu tumesoma mgawanyo wa Kenneth Thomas na Ralph Kilmann wa mwaka 1974, kwamba watu hukabili mgogoro kwa njia tano: kushindana, kukubali yaishe, kukwepa, kukutana katikati, na kushirikiana kutafuta jibu. Kwenye mtihani wengi tunaandika kwamba ya mwisho ndiyo bora. Wenyewe hawasemi hivyo, wanasema kila njia ina mahali pake. Ila nijuavyo mimi, "huo ndio utaratibu" haikuwa mahali pake, na kuzima data haikuwa mahali pake. Zile njia mbili nilikuwa nimezimaliza kabla ya Alhamisi.

Alhamisi jioni mama yangu mzazi akaniambia, "Nenda kwake. Na usiende na daftari."

Nilimkuta uani anapeta mchele. "Shikamoo mama." "Marahaba." Bila "mwanangu". Akaniachia kigoda, akaendelea kupeta. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za sukari kupungua kwenye miwa iliyoungua, hesabu yote ninayo. Sikupata nafasi. Akasema, na haya ndiyo maneno yake:

"Miwa iliyoungua inatangulia, hilo nalijua kabla hujazaliwa. Mimi sikukasirikia miwa. Ile asubuhi saa kumi na mbili ulipita hapo barabarani na simu yako. Mlango wangu ulikuwa wazi. Hukubisha hodi."

Kweli nilipita. Nilimwona hata mlango. Nilikuwa nawahi wakataji.

Kisha akaniuliza swali moja: "Moto ungekuwa umeshika kwangu, ungewahamisha kutoka kwa baba yako mdogo usiku uleule?"

Nikanyamaza. Nilitaka kusema ndiyo, ila nilikuwa simwamini yule ambaye angeitamka. Nikasema, "Mama, sijui." Akaacha kupeta. Nadhani ndiyo mara ya kwanza siku ile kunitazama. Akasema, "Haya. Angalau."

Nilikaa pale mpaka giza. Hapo ndipo nilipojua habari ya kikoba, na faini, na kwamba alikuwa anaona haya kwenda kwa wenzake kuomba siku. Yote hayo hayakuwemo kwenye daftari langu. Daftari lilikuwa linajua "namba 5, ekari 2".

Jumamosi mwenyekiti aliporudi tukakaa kikao nyuma ya duka lake. Niliomba kuanza mimi. Nikasema mambo mawili: miwa iliyoungua ilistahili kutangulia, hilo silifuti, lakini nilikosea kuamua peke yangu jambo la shamba la ndugu yangu, na nilikosea zaidi kumwacha mwenye zamu agundue kwa kuona mapanga yanampita. Baba mdogo alikuwepo. Kwake ilikuwa kama nimesimama mbele ya watu kusema kwamba amependelewa. Hakunisemesha karibu wiki mbili, na siku moja alimwambia baba kwamba chuo kimenifundisha kuuza ndugu. Hiyo sehemu hakuna video inayoitaja. Ukikubali kosa mbele ya kikundi, kuna mtu wa upande wako ambaye na yeye analipia.

Kikao kilitoka na mambo matatu. Orodha ibandikwe ukutani dukani, kila mtu aione. Zamu ikibadilika, waamue watu wawili ambao mashamba yao hayahusiki. Na anayesukumwa nyuma aambiwe nyumbani kwake kabla wakataji hawajaondoka. Kikundi kikatoa nusu ya ile faini kwenye mfuko, nusu akalipa mwenyewe. Wanne waliotaka kujitoa, watatu wakabaki. Mmoja aliondoka.

Ndiyo hivyo. Haikuisha kwa A.

Sasa turudi kwenye jopo. Nimelifikiria sana lile swali tangu siku ile, na naona tunalielewa vibaya. Tunadhani wanauliza kama sisi ni watu wa amani. Ndiyo maana majibu yetu yanafanana: niliwaita, niliwasikiliza, tukaelewana. Lakini mtu anayekuajiri kusimamia watu tisa anajua kwamba watagombana. Anachotaka kujua ni kama ukiwa katikati ya ugomvi unaweza kusikia kitu ambacho hukukijua kabla ya kwenda. Kipimo chake ni kidogo sana: maneno ya mtu wa upande wa pili. Kama ulimsikiliza kweli, utayakumbuka, kwa sababu huwa yanauma. Kama huyakumbuki, basi ulichofanya ni kumwita mtu ukamhutubia.

Hata sheria imekaa hivyo. Kwa utaratibu uliowekwa na sheria za kazi za mwaka 2004, mgogoro wa kikazi ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi unaanzia kwa msuluhishi, ambaye ana siku 30 za kuwakalisha pande mbili wasikilizane, na yeye hatoi hukumu. Wakishindwana ndipo unakuja uamuzi. Jina lenyewe la tume limetaja usuluhishi kwanza. Mimi shambani nilianza na uamuzi, usuluhishi ukaja siku ya nne kwa kusukumwa na mama yangu.

Na sisi wa ualimu tusijidanganye kwamba haya ni ya watu wa biashara. Zamani ulihitimu ukasubiri kupangiwa kituo. Siku hizi mwalimu naye anaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, anafanya usaili, anakaa mbele ya watu wenye karatasi za alama. Na hata ukishapata, ofisi ya walimu unaijua: nani kapewa vipindi vya saa nane mchana, nani hashiki zamu, nani anaitwa kusahihisha mitihani kila mwaka na nani haitwi. Kesho wewe ni mkuu wa idara, keshokutwa mwalimu mkuu. Daftari la zamu unalo mkononi.

Kwa wanaojiandaa, niseme nilichojifunza. Ule mpangilio wa hali, jukumu, hatua, matokeo si mbaya, unakuzuia kuzunguka. Ubaya ni kuujaza kwa hadithi isiyo yako. Chukua tukio lako, hata kama ni dogo na halina ofisi ndani yake: ugomvi wa gesi hosteli, kwaya, timu ya mpira, kikundi cha kikoba cha mama yako. Jopo haliogopi matope. Kabla ya kwenda, jiulize mambo manne. Yeye alisema nini, kwa maneno yake? Mimi nilikosea wapi? Nini kilibadilika ambacho mtu mwingine anaweza kukiona, kama ile karatasi ukutani? Na nini hakikupona? Hilo la nne wengi tunalificha, na ndilo linalofanya mengine matatu yaaminike.

Halafu kuna suala la "mimi" na "sisi". Wengi tunaona vibaya kujisifu, kwa hiyo tunasema "tulikaa, tukaongea, tukamaliza". Jopo linabaki linajiuliza wewe ulikuwa wapi. Siyo kujisifu ukisema "nilikwenda nyumbani kwake". Sema "sisi" kwenye kilichoamuliwa na kikao, sema "mimi" kwenye miguu yako ilikokwenda, na kosa lako usilisemee kwenye wingi. "Kulikuwa na changamoto ya mawasiliano" maana yake ni kwamba hukubisha hodi.

Wiki mbili baada ya aibu ya Morogoro niliitwa usaili mwingine, Ifakara, taasisi nyingine, kazi inayofanana na ile. Walikuwa wawili tu mezani, na mmoja akauliza, "Umewahi kutofautiana na mtu uliyekuwa unamwongoza?" Nikamweleza habari ya shamba namba tano. Mikono ilikuwa inatetemeka, maana hii sikuikariri. Nilipofika mwisho akaniuliza bila kunionea huruma, "Kwa hiyo ulimpendelea ndugu yako?"

Nikasema, "Kutangulia kwake hapana, ilikuwa lazima. Lakini haraka ile ya usiku, nadhani kama ni mtu baki ningesubiri kuche nimpigie mwenyekiti tena."

"Na huyo mama, leo mnasalimiana?"

"Tunasalimiana. Ananiita mwanangu. Ila msimu huu karani ni mtu mwingine. Yeye ndiye aliyempendekeza, na mimi nilinyoosha mkono kumuunga."

Wakatazamana. Yule wa pili, aliyekuwa kimya muda wote, akaandika kitu.

Walinipigia baada ya siku nne. Sijui kama ni kwa sababu ya mama wa shamba namba tano au kwa sababu wengine hawakutaka kukaa Ifakara wiki nane. Nilikwenda. Wiki ya pili walimu wangu wawili wakaacha kusemeshana kwa ajili ya nauli ya bodaboda, mmoja alikuwa anapewa zaidi kwa kuwa anatoka mbali, mwingine hakuambiwa sababu. Karatasi ya mgawanyo wa nauli nilikuwa nayo, na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Niliiacha mezani, nikaenda kumtafuta yule ambaye hakuambiwa.